Pedeli ya Herufi Kubwa

Kitufe kilichonitia adha kuliko vyote nilivyowahi kushika kilikuwa upande wa kushoto wa taipureta ya ofisi yetu Kilosa, safu ya chini kabisa, pembeni. Tulikiita shifti. Ukikibonyeza, gari la mashine, yaani ule mtambo wa juu unaobeba karatasi, hunyanyuka, na herufi unayopiga hutoka kubwa. Ukikiachia, gari hushuka na herufi zinarudi kuwa ndogo. Kwenye mashine nyepesi ni jambo dogo. Kwenye ile yetu, tuliyoachiwa na wakoloni pamoja na kabati moja lisilo na ufunguo, gari lilikuwa zito kama jogoo wa sikukuu, na aliyetakiwa kulinyanyua ni kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho kwa kawaida mtu hukitumia kujikuna sikio.

Na barua za miaka ile zilipenda herufi kubwa. Kila mtu alikuwa Ndugu, na Ndugu haandikwi kwa herufi ndogo. Kila kijiji kipya kiliandikwa jina lake lote kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari. Mwenyekiti, Katibu, Kamati, Mjumbe wa Nyumba Kumi, wote walitaka gari linyanyuliwe. Niliwahi kuona hata Jembe limepewa heshima hiyo.

Niliingia ofisi ile nikiwa na diploma ya ufundi wa mashine za ofisi niliyoipata Ujerumani. Naitaja mapema kwa sababu hapakuwa na nyingine. Kutoka Dumila hadi Ruaha, usingempata mtu mwenye karatasi kama ile, na hakuna mjomba aliyenisukuma kuipata. Baba yangu alikata katani Kimamba. Mimi nilianza kwa kuziba pancha za baiskeli pale Magomeni, nikajisomea kwa masomo ya posta, nikaomba nafasi mara tatu na kunyimwa mara mbili. Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikitegemea kwamba watu wataniita mtaalamu. Waliniita fundi. Na kila nilipotambulishwa kuwa nimetoka Ulaya, lazima mmoja angeuliza, "Ulaya ipi? Hii ya njia ya Mikumi?" Kuna kijiji njiani kinachoitwa hivyo, na kila mtu wa Kilosa alidhani mzaha huo ameubuni yeye.

Taipisti wetu alikuwa mama mtu mzima kutoka milimani, mjane, mwenye umri wa mama yangu. Alifundishwa kupiga chapa na wamisheni, na walimfundisha vizuri: mgongo umenyooka, macho kwenye rasimu, kamwe usitazame vidole wala karatasi. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba bila kusimamisha mikono. Alikuwa ameajiriwa kwa muda kwa miaka mingi, muda ambao haukuwa na mwisho wala haukuwa na cheti.

Siku moja nilikuwa nasafisha mashine nikaona amekiweka kidole chake kidogo cha kushoto ndani ya kikombe cha maji ya chumvi. Kilikuwa kimevimba kwenye fundo na hakikunjiki.

"Mama, umeumwa na nini?"

"Nimeumwa na hiyo unayoifuta."

Hospitali walimwambia akipumzishe. Alicheka alipokuwa akinisimulia. Ilikuwa imekuja barua kwamba makarani wa muda watafanyiwa mtihani wa kupiga chapa. Atakayefaulu atathibitishwa kazini. Atakayeshindwa ataachishwa, arudi kijijini akalime. Mama yule hakudharau kulima, lakini alikuwa na watoto watatu shuleni, na kwao milimani shamba lilikwisha kugawanywa na mashemeji tangu mume wake alipofariki. Na mtihani ulihesabu makosa. Herufi kubwa iliyoning'inia juu ya mstari kwa sababu gari halikunyanyuliwa vizuri ilikuwa kosa. Kwa kidole kile, herufi zake kubwa zilikuwa zinaning'inia kama nguo kwenye kamba.

"Tumia shifti ya kulia," nilimwambia.

"Ya kulia ni kwa herufi za kushoto. Nikiitumia kwa zote mikono itagongana."

"Utazoea."

"Mwanangu, una diploma ya mashine, au ya mikono ya watu?"

Sikupenda swali lile. Nilikwenda karakana nikatafakari, maana nilikuwa mtu wa kutafakari, si wa kugonga gonga na nyundo.

Suluhisho langu la kwanza lilikuwa kwenye kitufe cha juu yake, kile cha kufuli. Hicho ukikibonyeza gari hunyanyuka na kubaki juu mpaka ulifungue. Nilikunja ubapa wa chuma, nikaufunga kwenye kitufe kile, ukatokeza nje pembeni ya mashine ili aupige kwa ubavu wa kiganja bila kugusa kidole kibovu. Alipiga kiganja mara moja kufunga, mara ya pili kufungua. Kazi safi. Ningeweza kuionyesha popote.

Tatizo lilikuwa wamisheni. Waliomfundisha kutotazama karatasi hawakufikiria siku ambayo kufuli litakataa kufunguka. Alipiga barua nzima ya mwenyekiti wa kijiji kimoja cha upande wa Magole, kumtaka atume watu wawili kuchukua mbegu za mahindi, na barua yote ilitoka kwa herufi kubwa tupu. Tulikuwa tunabana karatasi, kwa hiyo ilikuwa nusu karatasi. Mkuu wetu wa ofisi aliweka sahihi bila kusoma, kama alivyoweka sahihi kwenye kila kitu, na barua ikapanda lori.

Kule kijijini, karatasi fupi yenye herufi kubwa tupu ilikuwa na maana moja: simu ya upepo, yaani telegramu. Na simu ya upepo haikuletwa ili kumsalimia mtu. Mwenyekiti, ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa kukokota, hakuisoma. Aliiona tu, akawaita watu, akawaambia wakae chini kwanza. Waliokuwa na jamaa mjini walianza kulia kabla haijasomwa. Wanawake wawili walikwisha kujifunga vitambaa kiunoni. Ndipo mwalimu wa shule akaletwa, akasoma kwa sauti: mbegu za mahindi.

Mwenyekiti alikuja Kilosa mwenyewe, kwa baiskeli.

"Nani kafa?" alituuliza kutoka mlangoni.

"Hakuna aliyekufa, mzee. Ni mbegu."

"Najua ni mbegu. Nauliza nani kafa hapa ofisini, hata mkakosa mtu wa kuandika barua kama barua."

Mkuu wetu alinitazama mimi. Alikuwa kijana, mdogo kwangu kwa miaka miwili, na chuo alichosoma kilikuwa cha miezi tisa. "Ndugu Fundi," alisema, "rudisha mashine ilivyokuwa." Nilijibu kwamba kosa ni la kufuli, si la wazo. Alisema yeye haoni tofauti. Hilo niliamini.

Niliondoa ubapa. Lakini wiki sita zilikuwa zimebaki kabla ya mtihani, na kile kidole kilizidi kuvimba. Nilijiuliza: mwili wa mtu una viungo vingapi vyenye nguvu ambavyo vinakaa bure chini ya meza ya ofisi? Viwili. Na kimoja kinatosha.

Nilichukua meza ndogo iliyokuwa stoo, nikatoboa tundu kwenye ubao wake. Nilipitisha kebo ya breki ya baiskeli, ncha ya juu nikaifunga kwenye mkono wa ndani wa shifti, ncha ya chini kwenye pedeli niliyoichonga kwa mvule na kuiwekea bawaba na springi. Ukikanyaga, kebo inavuta, gari linanyanyuka. Ukiachia, linashuka. Mkono haufanyi lolote. Nilipima uzito wa springi siku tatu, nikiongeza na kupunguza, mpaka ikawa inatii kidole gumba cha mguu. Kule nilikosoma wangeiandikia hati ya uvumbuzi. Kilosa waliiita cherehani.

Sisemi kwa mfano. Meza ile ilikaa karibu na dirisha la barazani, na wapita njia waliona mama anakanyaga. Siku ya pili tu mwanamke mmoja alichungulia na kusukuma suruali ya mumewe dirishani.

"Shikamoo mama. Naomba unipigie pindo tu, si kazi kubwa."

"Marahaba. Hii ni taipureta, mwanangu."

"Najua, lakini kwa kuwa unakanyaga tayari."

Waliendelea kuja. Mmoja alileta mto. Mkuu alitoka chumbani kwake kuwafukuza, kisha akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyechana suruali zile. Alisema meza ni mali ya serikali na nimeitoboa bila kibali. Nilimwambia kibali kinachukua miezi minne, mtihani wiki sita. Alisema basi ningeomba kibali mapema. Mapema kabla ya kidole kuvimba.

Mama mwenyewe hakunirahisishia. Siku za kwanza mguu ulichelewa, herufi kubwa ikatua kwenye herufi ya pili ya neno. "Mikono yangu ilisoma misheni," alisema, "mguu haukupelekwa shule." Nilisimama nyuma yake nikimhesabia: kanyaga, piga, achia. Alinivumilia siku mbili. Siku ya tatu aliniambia nikakae mahali pengine, kwa sababu napumua juu ya kisogo chake. Alivua viatu, akavisukuma pembeni, akaendelea peke yake, taratibu, akiimba wimbo wa kanisani ambao sikuujua. Wiki ya nne nilichukua ukurasa wake nikaupima kwa rula. Hakuna herufi hata moja iliyoning'inia. Nilimwonyesha kila mtu ofisini ukurasa ule. Waliutazama wakasema ni barua ya kawaida. Bila shaka ilikuwa ya kawaida, hilo ndilo lilikuwa lengo.

Kisha ikaja taarifa kwamba mtihani hautafanyika Kilosa. Mtahini alikuwa anasafiri kwa barabara kuu kutoka Morogoro kwenda Iringa, na hakutaka kuacha lami. Makarani wote wa wilaya wamfuate Mikumi, shule ya msingi, kila mmoja na mashine yake.

"Na meza yake," nilisema.

"Imeandikwa mashine," alisema mkuu.

"Meza ni sehemu ya mashine."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoitoboa."

Tulipanda treni mimi na mama, na wapagazi wawili wakabeba meza kama jeneza. Mlinzi wa treni alitusimamisha mlangoni. Alisema cherehani haziingii behewa la abiria. Nilimweleza kwamba ni taipureta yenye pedeli, nikamweleza kwa utaratibu, na nikamtajia nilikosoma. Aliinama akaangalia chini ya meza, akainuka.

"Umesoma Ulaya?"

Nilijua kinachofuata.

"Basi utashuka kituo cha nyumbani," alisema, na watu wa behewa zima wakacheka. Lakini alituacha tupite, kwa sababu mama alikuwa amekwisha kuingia kwa mlango wa pili na kukaa.

Alikuwa amevaa gauni la buluu na viatu vya kanisani, vyeusi, vyenye kisigino. Nilimwona amependeza. Sikuona zaidi ya hapo, na nakiri kwamba mtu mwenye diploma alipaswa kuona.

Darasani Mikumi walikuwa makarani wanne. Mtahini alikuwa mwanamume mwembamba, nadhifu, mwenye saa ya kubonyeza iliyoning'inia kifuani. Alizunguka meza yetu mara mbili. Nilijitayarisha kueleza. Aliinua mkono.

"Kanuni zinasema mtahiniwa apige kwa vidole vyote vya mikono miwili," alisema. "Mguu haukutajwa. Haukukatazwa. Nitapima karatasi."

Kwa mara ya kwanza tangu nirudi nchini nilikutana na mtu anayejua kusoma kanuni. Nilitoka nje, nikasimama dirishani pamoja na wapagazi.

Walianza kwa dakika chache za kupasha mikono. Nilisikia pedeli, nikajua mara moja kwamba mambo si mambo. Springi yangu ilipimwa kwa mguu mtupu. Chini ya kisigino na soli ngumu, mguu haukujua pedeli imeanzia wapi. Ilishuka na kubaki chini. Nilisikia gari limepanda na halishuki. Mama alitoa karatasi, akaitazama, na nikaona kutoka dirishani mistari miwili mizima ya herufi kubwa. Magole tena.

Aliinama akaanza kufungua kiatu.

"Mama," alisema mtahini, "samahani. Mtahiniwa lazima awe amevaa vizuri, pamoja na viatu. Hilo limetajwa."

"Ni mguu mmoja tu, Ndugu."

"Limetajwa. Mwaka juzi mmoja alikuja pekupeku, nikaandikiwa barua mimi."

Nilitaka kuingia. Nilikuwa na bisibisi mfukoni, na kwa dakika kumi ningebadilisha springi. Mtahini aliniona mguu mmoja ndani ya mlango akasema mtu wa nje akiingia, mtihani umevunjika kwa wote. Mmoja wa wale wanne, karani wa kiwanda cha sukari, alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau. Nikarudi dirishani. Nilifikiri juu ya watoto watatu wa watu, na springi niliyojivunia siku tatu.

Mama hakunitazama kabisa. Aliweka karatasi mpya kwenye mashine. Kisha alivuta kiti mbele, akapeleka miguu yote miwili mbali hadi viatu vikatokeza upande wa pili wa meza, vimepangwa sambamba, vimeng'arishwa. Halafu, akiwa amekaa wima kama alivyofundishwa, alirudisha mguu wa kushoto peke yake. Kiatu kilibaki pale pale.

"Ndugu," alisema, "ulisema unataka viatu."

"Ndiyo."

"Unaviona?"

Mtahini alitazama chini. Alitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama viatu viwili.

"Naviona," alisema.

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili, mama." Akabonyeza saa. "Anzeni."

Sitaeleza mtihani wenyewe. Kusikiliza watu wanne wakipiga taipureta ni kama kusikiliza mvua kwenye bati. Nilichagua sauti moja, ile ya kebo yangu ikiteleza kwenye tundu, na sikuisikia ikikwama hata mara moja. Mtahini alipima karatasi yake kwa rula, kama nilivyofanya mimi. Aliandika kitu, akamwambia barua itakuja. Kwenye treni ya kurudi mama alilala safari nzima, viatu mapajani.

Barua ilikuja baada ya mwezi. Amefaulu, anathibitishwa. Mkuu alimpongeza mbele ya ofisi nzima, akasema ni ushindi wa ofisi yetu. Kisha aligeuka, akanikabidhi barua nyingine, aliyoiwekea sahihi siku hiyo hiyo. Sasa mtihani umepita, meza irudishwe stoo, tundu lizibwe, na "kifaa cha mguu kisichoidhinishwa" kiondolewe ndani ya siku saba. Barua ilipigwa chapa na mama mwenyewe, kwa pedeli, na herufi zake kubwa zilikaa kwenye mstari kama askari.

"Na kidole chake?" nilimuuliza mkuu.

"Amethibitishwa, Ndugu Fundi. Sasa anaweza kuomba likizo ya ugonjwa."

Nilibishana siku sita. Siku ya saba nilifungua pedeli, kebo, bawaba na springi, nikavifunga kwenye gunia na kuviweka karakana. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikupita ofisini wiki mbili. Nilijua nitakachokuta: kikombe cha maji ya chumvi.

Nilipoingia hatimaye, mama alikuwa anapiga chapa kwenye meza yake ya zamani, kubwa, ya serikali, isiyotobolewa. Nilimwamkia. Aliitikia. Kikombe kilikuwepo, kina chai. Nilisikiliza: gari lilikuwa linapanda na kushuka bila shida, na kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimenyooka hewani kama cha mtu anayekunywa chai ya wageni.

Niliinama. Kutoka kwenye mkono wa shifti, kupitia ufa uliokuwa kwenye meza ile tangu enzi za wakoloni, ulishuka uzi wa katani, umesokotwa mara mbili, umefungwa kitanzi kwenye kidole gumba cha mguu wake. Hapakuwa na pedeli wala springi. Kisigino chini, vidole juu. Akishusha vidole, gari linapanda. Mkuu alikuwa amepita pale kila siku bila kuona kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuona ila uzi.

"Nani alikufanyia hivi?"

"Nimefanya mwenyewe. Chuma chako kilikuwa kizuri, lakini kilikuwa kinataka kubebwa na wapagazi."

Nilibaki nimeinama pale. Nilifikiria mvule, siku tatu za kupima, tundu nililotoboa kwa uangalifu, treni. Katani, tena. Baba yangu aliikata maisha yake yote ili mimi nisiishike.

"Umekasirika, mwanangu?"

Nilimwambia sijakasirika. Nilimwomba tu asogeze mguu kidogo, kwa sababu lile fundo alilifunga vibaya, lingemkata kidole ndani ya wiki, na kufunga fundo ni jambo ambalo lina utaratibu wake.